Kitenzi cha Kiingereza na mkia wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota darasani. Jioni nasomesha Kiingereza hapa Majengo, Mombasa, na wanaokuja ni wahudumu wa hoteli za Nyali na Bamburi, makarani wa bandarini, madereva wa tuktuk, na kina mama wawili watatu wenye vibanda Marikiti ambao wamechoka kutafsiriwa na watoto wao. Kanuni za shule wengi bado wanazikumbuka. Kinachowaangusha ni vile vijineno vinavyofuata kitenzi: "up", "off", "for", "at", "on". Mmoja wao aliviita mikia. Alisema kitenzi cha Kiingereza ni kama tiara, bila mkia hujui itaangukia paa la nani. Jina likabaki.

Mbona Kiswahili hakina mikia hii?

Kinayo, ila imejificha ndani ya kitenzi chenyewe. Ukisema "andika" umesema tendo. Ukisema "andikia" umeongeza mtu. "Funga" ukaigeuza "fungua", umetengua tendo zima kwa silabi moja. Vaa na vua, ziba na zibua, chomeka na chomoa, anika na anua: vyote ni mwendo huohuo. Mwingereza ana vichache vya namna hii, kama "tie" na "untie", lakini mara nyingi hana budi kuchukua kitenzi kifupi na kukifungia kitu nyuma. Kuvaa ni "put on", kuvua ni "take off", kuchomoa ni "pull out", na kanzu uliyoianika ukaja kuianua ni "hung out" halafu ikawa "taken in".

Kuna tofauti nyingine iliyo ndani zaidi, na ukiishika hiyo nusu ya kazi imekwisha. Vitenzi vyetu vya mwendo hutaja njia: ingia, toka, panda, shuka, vuka, rudi. Namna ya kwenda tunaieleza baadaye tukitaka. Mtu alitoka mbio. Alivuka kwa kuogelea. Aliingia akinyata. Kiingereza hupindua mpango huo. Kitenzi husema namna, na mkia husema njia: "he ran out", "he swam across", "he crept in". Mwanaisimu Mmarekani, Leonard Talmy, alizigawa lugha za dunia kwa kigezo hiki, na Kihispania na Kifaransa vimo upande wetu. Kwa hiyo Mhispania naye huhangaika na "swam across" vilevile. Si wewe peke yako.

Nikisema "wait me at the ferry" Mwingereza ananielewa. Kosa liko wapi?

Atakuelewa, na pengine hatakurekebisha kwa heshima. Lakini masikioni mwake kuna kitu kimekatika. "Wait" haishiki mtu mpaka uipe "for". Vitenzi vya namna hii ni vingi, na vyetu vinavyolingana navyo hushika mtu bila msaada wowote: sikiliza ni "listen to", tazama ni "look at", tegemea ni "depend on", cheka mtu ni "laugh at".

Hapa watu wa pwani wana njia ya mkato. Wengi hawasemi "ningoje", husema "ningojee". Ile "-ea" ya mwisho ndiyo "for" yenyewe! Lipa na lipia vivyo hivyo. Mvuvi unamlipa, samaki unamlipia. "Pay the fisherman" haina mkia, "pay for the fish" inao. Ukisema "pay the fish" umemwekea samaki pesa mkononi.

"Ask" nayo ina mtego wake. Sisi tuna vitenzi viwili, uliza na omba. Wao wana kimoja, na tofauti wameitundika mkiani. "Ask him" ni muulize. "Ask him for a hundred shillings" ni muombe shilingi mia. Nimewahi kumsikia mtu akimwambia bosi wake "I want to ask you leave", na bosi akakaa kusubiri swali.

"Nilimwandikia" ni "to" au "for"?

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake hulijui mpaka uwepo. Bibi hajui kuandika, anakutuma umwandikie mwanawe aliyeko Maskati barua. Umemwandikia bibi barua, maana umeshika kalamu badala yake. Mwana naye umemwandikia barua, maana yeye ndiye atakayeifungua. Kiswahili kinatumia "-ia" moja kwa wote wawili na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu sote twajua habari za bibi. Kiingereza hakikubali. Ni lazima uamue: "I wrote a letter to her son for her."

Kauli yetu ya kutendea hubeba mizigo mingi. Hubeba mtu anayefanyiwa, mahali, chombo, sababu, upande wa kuelekea. Kila mzigo Kiingereza huupa kijineno chake. Ndiyo maana kutafsiri "-ia" kwa neno moja hakuwezekani, na kila anayetafuta neno hilo moja huishia kupachika "for" kila mahali. "Explain for me", "say for him", "give for her" nazisikia kila wiki. Sahihi ni "explain to me", "say to him", na "give her" bila kitu.

"Explain me" pia haifai, ingawa "nieleze" kwetu ni sawa kabisa.

"Throw to" na "throw at" si mamoja?

Si mamoja hata kidogo. "Throw the ball to him" ni mrushie mpira, naye ananyoosha mikono audake. "Throw the ball at him" unataka umpige nao. "Shout to" ni kumwita aliye mbali. "Shout at" ni kumfokea. Hiyo "at" ina ncha kama mkuki. Mhudumu aliyemwambia mgeni "I shouted at you from the beach but you did not hear" alikusudia wema mtupu.

Kwa nini "discuss about" ni kosa ilhali "talk about" ni sawa?

Kwa sababu "discuss" tayari ina "kuhusu" tumboni mwake. Wenzake wasiotaka mkia ni "enter", "reach", "contact", "answer", "lack", "resemble", "emphasise" na "request". Unasema "we reached Mtwapa", si "reached at" wala "reached to". "Arrive" ndiyo hutaka, nayo huchukua "at" au "in", haichukui "to" kamwe.

Kinachotuponza ni kwamba ukivigeuza vitenzi hivi kuwa nomino, mkia hurudi. "Request a transfer", lakini "a request for a transfer". "Discuss the price", lakini "a discussion about the price". "Answer the question", lakini "an answer to the question". Macho yameona mkia kwenye barua nyingi, mkono ukaupeleka hata usipohitajika.

Naweza kusema "she was married by Ali"?

Ikiwa Ali ni kadhi, naam. Sentensi hiyo inasema Ali ndiye aliyefungisha ndoa. Ikiwa Ali ni bwana harusi, sema "she got married to Ali" au "she married Ali". Hapa "na" yetu imetuchezea. Tunasema ameolewa na Ali, amepigwa na jua, amekuja na Ali, Ali na Salma, yote kwa "na" moja. Kiingereza kina "by", "with" na "and", na hapa kwenye ndoa kinaleta "to" ambayo hukuitegemea. Zaidi ya hayo, kwao "marry" humfaa mume na mke sawasawa. Ule mgawanyo wetu wa kuoa na kuolewa hawana, kwa hiyo usihangaike kuutafuta.

"Kwa" ni mwenzake "na". Kwa basi ni "by bus", kwa kisu ni "with a knife", kwa mama ni "at my mother's".

Gari naingia au napanda? "Get in" au "get on"?

Kiswahili tunapanda vyote: gari, meli, ndege, punda, hata mnazi. Kiingereza huangalia mwili wako ndani ya chombo. Chombo unachoweza kusimama ukatembea ndani yake ni "get on": basi, garimoshi, ndege, feri ya Likoni. Ukitaka kushuka ni "get off". Chombo unachoinama ukajipenyeza ukakaa ni "get in", na kutoka ni "get out of": teksi, tuktuk, gari la nyumbani. Unachokipanda kwa kukitanulia miguu kinarudi "on": bodaboda, baiskeli, punda wa Lamu. Ngalawa ni "in", jahazi ni "on". Matatu ya abiria kumi na wanne iko mpakani, na zote mbili husikika.

"Board" na "alight" ambazo tunazipenda sana Kenya si makosa. Hata kwenye treni za chini ya ardhi za London abiria hutangaziwa kwa "alight". Ila ni lugha ya kibao na ya kipaza sauti. Rafiki yako hakuambii "I alighted at Buxton". Atakuambia "I got off at Buxton". Ukishuka kwenye treni ya Nairobi kule Miritini, "get off" inatosha.

Nisaidie na "in", "on" na "at" za mahali. "-ni" yetu inatosha kwa zote.

Inatosha kwa nomino, lakini sikiliza kitenzi kinachofuata. Mzee wa Mombasa husema "mfukoni mna pesa", "mlangoni pana mtu", "mjini kuna joto". M-, pa-, ku-. Watoto wa siku hizi wamezifanya zote "kuna", ila tofauti bado imo lugha ikisemwa vizuri. Ya "m" ni ndani, nayo mara nyingi huwa "in". Ya "pa" ni mahali hasa unapoweza kupaonyesha kwa kidole, nayo huelekea "at". Si mizani ya dhahabu, kwa kuwa "on" haina mwenzake kamili: mezani pana vitabu ni "on the table", na watu wakiwa mezani wanakula ni "at the table". Lakini anayetofautisha mna na pana ana mahali pa kuanzia, na hilo darasani kwangu huwasaidia wazee kuliko vijana. Kwa mara moja wao ndio hucheka.

Kwa mji wenyewe: "in Mombasa", "on the island", "at Kongowea market", "on Moi Avenue".

Kwa nini "look" inabadilika maana kila ikibadilishwa mkia? Nani aliamua?

Hakuna aliyekaa kikao. "Look at" ni tazama, "look for" ni tafuta, "look after" ni tunza, "look into" ni chunguza. Sisi tuna vitenzi vinne, wao wana kimoja na mikia minne. Hata wao walijua kwamba jambo hili linawatesa wageni. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake London mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba maungano haya ya kitenzi na kijineno ndiyo yanayowapa wageni taabu kubwa kuliko yote.

Mikia mingine ina mantiki ukiitazama vizuri. "Up" mara nyingi humaanisha mpaka mwisho: "eat up" ni kula ukamaliza, "drink up" ni kunywa usibakize, "use up" ni kutumia hadi kuisha. "Away" huondosha kabisa. Sisi "tupa" tunairefusha iwe "tupilia mbali", wao "throw" wanaipa "away". Mawazo ni mamoja.

Mingine haina mantiki ya kukufaa. "Go off" ndiyo mfano wangu wa kila muhula. Kengele ikilia ni "went off". Taa zikizimika ni "went off". Baruti ikilipuka, maziwa yakichacha, mtu akiondoka zake, yote "went off". Mhudumu wa hoteli moja ya ufukweni alijifunza kwa wageni Waingereza kwamba chakula kilichokwisha jikoni ni "off", akaanza kutangaza meza kwa meza: "The fish is off." Ni kweli hutumika hivyo. Lakini maana nyingine ya maneno hayohayo ni kwamba samaki ameoza. Jioni ile watu walikula kuku.

Kabla hujawacheka, mweleze Mwingereza kwa nini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga mbizi, tunapiga soga, na mlevi anapiga maji. Nani kakosa nini hata apigwe hivyo? Wewe hujapata kujifunza orodha hiyo, ulikua nayo. Wao nao wamekua na "go off".

"Turn off it" au "turn it off"?

"Turn it off." Kitu kikitajwa kwa jina unaweza kukiweka popote: "turn off the fan" au "turn the fan off". Kikiwa kiwakilishi kama "it" au "them", lazima kiingie katikati. Hii ni kwa mikia inayobanduka. Mingine haibanduki: "look after the child", "look after him", na huwezi kusema "look him after". Mikia miwili ikifuatana kwa kawaida haibanduki: "put up with him", "run out of sugar".

Sikio litakusaidia. Mkia unaobanduka husemwa kwa nguvu: turn it OFF. Usiobanduka hupita kimya: LOOK at it. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi sisi hupita na mdundo mmoja toka Mtwapa hadi Likoni, na Mwingereza akalikosa neno alilokuwa akilisubiri.

"Pick me at the stage", "drop me here": ni Kiingereza hicho?

Ni Kiingereza cha Kenya, na hapa kila mtu anakielewa, kuanzia makanga hadi wakili. Sikuzuii. Lakini ukimhudumia mgeni, ongeza mkia: "pick me up", "drop me off". Bila mkia, "drop me" anasikia "niangushe", na "pick" kwake ni kuchuma, kama vile umemwomba akuchume embe.

Kuna ambazo sizitetei. "Cope up with" ina "up" ya bure, sema "cope with". "Result to" imezaliwa na mkanganyiko wa "result in", yaani kusababisha, na "resort to", yaani kukimbilia njia fulani baada ya nyingine kushindikana. Na "come with your ID" ni "njoo na kitambulisho" iliyovaa suti. Wao husema "bring your ID".

Barua zetu za kazi humalizia "looking forward to hear from you". Mwalimu anakwaruza. Kwa nini?

Kwa sababu "to" hiyo si ile ya "to go, to eat". Ni kihusishi, na baada yake hutakiwa nomino au kitenzi chenye "-ing". Jaribu kuweka jina la kitu. "I look forward to Eid" inakaa vizuri? Basi kitenzi kiwe "hearing". Kwa jaribio hilohilo utatenganisha "I used to live in Likoni", yaani nilikuwa nikikaa huko zamani, na "I am used to living in Likoni", yaani nimeshazoea, hata foleni ya feri hainiumizi.

Waingereza na Wamarekani wanakubaliana?

Si kila mahali. Fomu Mwingereza "fills in", Mmarekani "fills out". Mwisho wa wiki Mwingereza ni "at the weekend", Mmarekani "on the weekend". Mwingereza hukuomba "write to me", Mmarekani hutosheka na "write me". Shika upande wa mwajiri wako, na usimrekebishe mgeni.

Kwenye barua ya ofisi nitumie mikia au maneno makubwa?

Karibu kila mkia una ndugu yake mwenye tai, aliyetoka Kilatini, mara nyingi kwa kupitia Kifaransa: "put off" na "postpone", "put out" na "extinguish", "put up with" na "tolerate". Shule zetu zimetulea kwa ndugu wa tai. Matokeo yake karani wa bandari anaandika ripoti safi, kisha anamwambia mwenzake kwenye chai kwamba "I extinguished the cigarette", utadhani aliita zimamoto. Ripoti iandike na "postpone". Ukimpigia mtu simu, sema "put off". Na ukisoma kibao ukutani kilichoandikwa "Keep off", usingoje tafsiri, pita mbali.

Nianze na ipi, na nijifunze vipi?

Usinunue orodha ya mikia elfu. Nunua daftari la shilingi hamsini. Kila ukisikia au kusoma kitenzi na mkia wake, andika sentensi nzima, si neno, halafu chini yake andika kitenzi cha Kiswahili kinachobeba maana hiyo. Usitafsiri mkia peke yake, maana hauna maisha nje ya kitenzi. Zikifika kumi, njoo nazo darasani. Wiki jana dereva mmoja wa tuktuk alileta tisa, zote za abiria wake: "get in", "hop in", "hold on", "slow down", "pull over", "get out", "hurry up", "come back", na ya tisa aliyoambiwa na mzungu mmoja kwenye mteremko wa Nyali na hakujua ni sifa au tusi. Ilikuwa "watch out".